Tunguu Lililolala: Bustani za Vibarazani Muyeye



Aingiaye Muyeye kutoka mjini Malindi katika siku za kaskazi hulakiwa kwanza na jua na vumbi. Nyumba zimesongamana, hizi za mawe na saruji, zile za udongo na makuti. Mitungi ya maji imepangwa milangoni. Mgeni hatarajii hapa habari za maua. Lakini akitazama vibarazani ataona makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka na sufuria zilizotoboka, zote zimejazwa udongo, na ndani yake mna asumini na mrehani. Hizo ndizo bustani za mama zetu.

Leo twalizungumza ua moja lifaalo kwa bustani hizo: yungiyungi jekundu la misitu na vichaka vya pwani, ambalo wataalamu waliita Scadoxus multiflorus. Huchipuka kutoka katika tunguu lililofichika ardhini. Masika yakiingia, bua moja huchomoza, na juu yake hufunguka mpira mwekundu wenye vijiua mia na zaidi, hata kufikia 200. Majani hukua, hunenepesha tunguu, kisha kiangazi kikija hunyauka yote. Juu ya udongo hapabaki kitu.

Ulaya ua hili lilipewa jina la kitaalamu mwaka 1795, na hadi leo hufugwa huko ndani ya nyumba au katika vibanda vya vioo, kwa kuwa baridi ya kule huliua. Kwa upande wa pili, Waturuki wa dola ya Uthmaniya walilipenda tunguu jingine, la tulipu, hata zama za Sultani Ahmed wa Tatu, baina ya 1718 na 1730, zikaitwa Zama za Tulipu. Tulipu nalo haliwezi kuchanua vizuri Malindi, maana lahitaji majuma mengi ya baridi kali kabla ya kuamka. Kila tunguu lina kwao, na likiwa ugenini halina budi kutafutiwa sitara. La kwetu halihitaji kioo. Kivuli cha kibaraza kinalitosha.

Namna ya kulilea ni nyepesi. Chombo kiwe na matundu chini, na udongo wa mchanga uchanganywe na mbolea iliyooza vizuri. Shingo ya tunguu iwe sawasawa na uso wa udongo. Liwekwe mahali penye mwanga lakini jua la adhuhuri lisilifikie, wala upepo wa chumvi wa kusi usilipige. Wakati wa majani linyweshwe kwa kiasi. Majani yakianza kugeuka manjano, maji yapunguzwe, kisha yakatwe kabisa mpaka masika mengine. Lisihamishwe hamishwe, kwani hupenda kutulia na kubanwa kidogo chomboni.

Hapo ndipo penye hekima kwa mtaa kama Muyeye. Miezi ambayo maji huwa ya taabu ndiyo miezi ambayo ua hili haliyataki. Lakini ndiyo pia miezi ya hatari yake: mwenye haraka hutazama kopo tupu, akasema limekufa, akalimwaga jaani pamoja na uhai uliolala ndani. Alama iwekwe juu ya chombo, na wa nyumbani wote waambiwe.

Jambo la pili ni zito zaidi. Tunguu hili lina sumu, na umbo lake ni la kitunguu. Kamwe lisiwekwe jikoni wala katika kapu la viungo, na watoto wafundishwe kutoligusa, pamoja na matunda yake mekundu yanayovutia macho. Penye mtoto atambaaye, chombo kiinuliwe juu au kisiwepo kabisa. Uzuri wa kibaraza hauwi bora kuliko uhai wa mtoto.

La tatu: tusilifukue msituni. Vichaka vinakatwa na kuwa viwanja vya nyumba, na kila tunguu ling'olewalo ni mama wa wengi. Anayelitaka amwombe jirani chipukizi la pembeni, au achukue matunda yaliyoiva, aondoe nyama yake, aziweke mbegu juu ya udongo wenye unyevu kivulini. Atangoja miaka kadhaa kabla ya kuona ua. Na asikereke, kwani huo ndio utaratibu wake.

Mama zetu na dada zetu, mwenye kulea hujua kwamba si kila kimya ni kifo. Mtoto asiyesema bado, aliyenyamaza kwa huzuni, mzee aliyelala siku nzima: wote wahitaji sitara, subira na jicho lisilochoka. Yule Mwenye kuiamsha ardhi kwa mvua atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuzilinda amana tulizopewa, kubwa na ndogo.

Wabillahi tawfiq.