Soo ya mathee

Wasee, wacha niseme ukweli hata kama mtanicheka. Oktoba iliyopita niligombana na mathee juu ya soo moja.

Ilikuwa Jumapili ya Misheni, ile ya pili kutoka mwisho wa mwezi. Mathee akakunja noti ya mia, akaitia kwa bahasha ya parokia. Nyumbani tokeni zilikuwa zimeisha tangu Ijumaa. Na mimi nilikuwa na machungu yangu: niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na sikuona bahasha yoyote ikipitishwa kwa jina langu. Nikamwambia, "Mama, hiyo pesa inaenda Roma na sisi tunakaa giza."

Akanijibu akifunga kitambaa: "Haiendi Roma kukaa. Inaenda kwa watu kama sisi." Akaenda zake misa.

Nikabaki na simu yenye chaji asilimia nane. Nikaingia mtandaoni kutafuta ushahidi kwamba mathee anachezwa. Badala yake nikapatana na Pauline Jaricot.

Huyu alikuwa dem wa Lyon, Ufaransa. Shirika la Kueneza Imani lilipoanzishwa mwaka 1822, alikuwa na miaka 22. Umri wangu kabisa. Hakuwa padre wala mtawa. Aliwaendea wafanyakazi wa viwanda vya hariri, watu wa mshahara mdogo, akawaomba kila mmoja atoe sou moja kwa wiki. Sou ilikuwa sarafu ndogo sana, na ndiyo, jina lake linakaribia soo yetu. Kila mtu anatafuta kumi, na kila kumi wana wa kukusanya. Ukiijua chama, unaijua hiyo hesabu.

Sasa sikia penye nilinyamaza. Michango ya kwanza ilienda Asia, na pia Kentucky na Louisiana. Yaani Marekani! Wakati huo kanisa la huko lilikuwa changa, linasaidiwa na sarafu za wafanyakazi wa viwandani. Leo tunadhani kuna nchi zilizaliwa kutoa na nyingine zilizaliwa kupokea. Si kweli. Ni zamu.

Hata kwetu zamu ilifika. Mwaka 1902 Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, wakitoka Italia. Kuna mtu huko alichangia safari hiyo bila kujua kwamba siku moja kutakuwa na cucu wangu na rozari yake. Na leo mapadre na masista Wakenya wanatumwa nchi za mbali, huku dayosisi zetu kadhaa zikiendelea kupokea msaada. Tunatoa na tunapokea kwa mkono uleule.

Lakini sitawauzia ile injili ya panda mbegu uvune gari. Pauline mwenyewe alitapeliwa katika mradi wa kiwanda cha kusaidia wafanyakazi, akafa mwaka 1862 maskini na mwenye madeni. Alitangazwa mwenye heri mwaka 2022, miaka 160 baadaye. Kutoa hakukumlipia deni.

Na pia sisemi tutoe macho yakiwa yamefungwa. Parokia ikisoma tumechanga ngapi, itusomee pia zilienda wapi. Mtu aliyekaa giza ili atoe soo ana haki ya kujua.

Karo yangu bado haijalipwa na hasira haijaisha yote. Lakini nimeelewa kitu kimoja: nilikuwa nangoja niomoke ndio nianze kusaidia mtu, na mathee hajawahi kungoja. Alirudi misa siku hiyo, akakopa tokeni kwa jirani, tukapika chai. Hakunisema hata kidogo.

Oktoba ikifika, bahasha itakuwa na soo mbili. Moja yake, moja yangu.