Chungu Kimoja, Walaji Watatu

Nyumbani kwangu tunapika chungu kimoja. Huenda na kwako ni hivyo. Tunakula pamoja, mkubwa na mdogo, mgonjwa na mzima. Hilo ni jambo jema. Lakini miaka miwili iliyopita chungu hicho nusura kituletee msiba. Kosa lilikuwa langu. Nakueleza ili wewe usilirudie.

Kijiji chetu kiko katika njia ya kutoka Mpanda kwenda Karema, mkoani Katavi. Malori ya dagaa na migebuka kutoka Ziwa Tanganyika hupita karibu na nyumba yangu. Tunalima mahindi, maharage na karanga. Mchicha, matembele na kisamvu tunachuma wenyewe. Hatuna njaa.

Zamani shauri lilikuwa moja

Mwaka 1975 nilikuwa msichana wa miaka 17, nasoma kisomo. Mwaka huo ilifanyika kampeni ya nchi nzima iliyoitwa Chakula ni Uhai. Tulikaa chini ya mwembe, tukasikiliza redio, kisha tukajadiliana. Tulijifunza mafungu matatu ya chakula. Kiko chakula cha kutia nguvu. Kiko chakula cha kujenga mwili. Kiko chakula cha kulinda mwili. Tulielewa, tukaenda kulima bustani.

Siku hizi mashauri ni mengi. Redio inasema hili, simu inasema lile. Zahanati ina neno lake, jirani ana lake. Mnadani yuko mtu mwenye kipaza sauti, naye ana lake. Je, umsikilize nani?

Mashauri yaliyoingia nyumbani

Kwanza nilipimwa zahanati, nikaambiwa nina shinikizo la damu, yaani presha. Nilipewa vidonge vya kumeza kila siku. Nikaambiwa, "Bibi, punguza chumvi. Punguza na mafuta."

Wakati huo mkwe wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Kliniki walimpa vidonge vya kuongeza damu. Walimwambia atumie chumvi yenye madini joto. Walimwambia ale maharage, dagaa na mayai.

Mjukuu wangu naye alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Yeye alitakiwa atiliwe karanga zilizosagwa au mafuta kidogo katika uji wake.

Hebu angalia, msomaji. Mimi naambiwa nipunguze mafuta, mtoto anaongezewa. Mimi naambiwa nipunguze chumvi, mkwe wangu anaagizwa chumvi ya pakiti. Nikasema moyoni, "Wataalamu hawa hawapatani."

Maneno mengine nayo yakaja. Jirani mmoja alisema mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Mwingine alisema vidonge vya damu humkuza mtoto tumboni, mama akashindwa kujifungua. Mnadani nikamkuta muuza dawa. Alikuwa akitangaza, "Unga huu unasafisha damu! Unaondoa presha, kisukari na vidonda vya tumbo! Ukiutumia, tupa vidonge!" Nikanunua mfuko mmoja. Mfuko ule haukuwa na jina la mtengenezaji, wala tarehe.

Kosa langu

Mwanangu alikuwa mbali, huko Inyonga, kwenye mizinga ya nyuki. Mkuu wa nyumba nilikuwa mimi. Basi nikatoa amri. Chumvi isitiwe kabisa katika chungu. Mafuta yasitiwe. Karanga zisisagwe, maana zina mafuta. Mayai yauzwe. Vidonge vya damu viwekwe kando.

Na vyangu je? Niliviacha. Sikuumwa kichwa wala sikusikia kizunguzungu. Nikajiona nimepona. Nikawa nakunywa ule unga asubuhi na jioni.

Mkwe wangu hakunipinga. Unajua adabu ya mkwe mbele ya mama mkwe. Aliinama, akapika kama nilivyotaka.

Ikapita miezi miwili. Asubuhi moja nilikuwa natwanga kisamvu. Mchi ukanidondoka. Nikauokota, ukadondoka tena. Mkono wa kushoto haukuwa na nguvu. Nikataka kumwita mkwe wangu, ulimi ukawa mzito. Yeye alinitazama akaona mdomo wangu umekwenda upande. Hakungoja jua lipande. Aliita pikipiki, nikafikishwa hospitali mjini Mpanda. Nilipimwa presha, ikaonekana 190 kwa 110. Presha ikifika 140 kwa 90, na ikabaki hapo kila ikipimwa, mtu huhesabiwa ana ugonjwa. Nilikuwa nimepata kiharusi.

Mambo hayakuishia kwangu. Mwezi uleule mkwe wangu alikwenda kliniki na mtoto. Damu yake ilipimwa ikawa 9. Kwa mjamzito haitakiwi kupungua 11. Kadi ya mtoto nayo ilionyesha mstari unateremka badala ya kupanda. Watu watatu, chungu kimoja, na sote tulikuwa hatarini.

Swali la muuguzi

Muuguzi hakunigombeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Bibi, shauri la kupunguza mafuta alipewa nani?"

Nikajibu, "Nilipewa mimi."

"Na mjukuu wako ana presha?"

Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipoelewa. Wataalamu walikuwa wanapatana. Kila shauri lilikuwa na mwenyewe, mimi nikawavika wote nguo ya mtu mmoja.

Akanieleza jambo moja moja.

Chumvi. Shauri moja lilihusu aina ya chumvi. Jingine lilihusu kiasi chake. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai, kisichojaa kilele, kwa siku nzima. Hiyo kidogo anayokula iwe na madini joto. Mwili unahitaji madini hayo kidogo sana, lakini kila siku. Yakikosekana, mtu huota rovu shingoni. Mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto tumboni haukui vizuri. Chumvi hiyo iwekwe katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Mafuta. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo. Akila uji mwepesi hushiba upesi, lakini nguvu hapati. Karanga au mafuta kidogo humpa nguvu katika chakula kichache. Karanga hizo ziwe safi. Zenye ukungu zina sumu, inayoitwa sumukuvu. Zitupwe.

Mayai. Hayamnyimi mtoto nywele. Yanamjenga mama na mtoto.

Vidonge vya damu. Kazi yake ni kuongeza damu ya mama. Ukivimeza, choo huwa cheusi, na wengine husikia kichefuchefu. Wengi huogopa wakaviacha. Choo hicho cheusi si ugonjwa. Tena mama asinywe chai pamoja na vidonge hivyo, wala pamoja na chakula. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Afadhali ale embe au chungwa.

Vidonge vya presha. Presha haipigi hodi. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi asisikie maumivu. Nilijisikia mzima kwa sababu vidonge vilikuwa vinafanya kazi. Nilipoviacha, presha ilipanda kimyakimya.

Ghala kujaa si dawa

Nilimwambia muuguzi, "Lakini nyumbani kwetu tunashiba." Akanipa habari ya kunishangaza. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Mikoa iliyozidi kwa udumavu ni Iringa, Njombe na jirani zetu wa Rukwa. Mikoa hiyo ina mahindi mengi. Basi ghala linaweza kujaa, na mtoto akadumaa.

Tunavyopika sasa

Bado tunapika chungu kimoja. Hatukuongeza kuni wala sufuria. Tulibadili mpango tu.

Dagaa wenye chumvi tunawaloweka, tunamwaga maji yake. Mboga ikiiva, fungu langu linatolewa kwanza. Kisha chumvi kidogo yenye madini joto inatiwa kwa ajili ya wengine. Mimi natia ncha ya kijiko tu katika fungu langu, na limau au nyanya hulipa ladha. Karanga zinasagwa. Mtoto anapata za uji wake, na mkwe wangu anapata katika mboga. Mayai hayaendi mnadani mpaka wa nyumbani wamekula. Mtoto anapelekwa kupata matone ya vitamini A kila miezi sita, mpaka atimize miaka mitano.

Mkwe wangu alimeza vidonge vyake mpaka siku ya kujifungua. Alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kike. Mwanangu alileta asali ya Inyonga kwa furaha. Nikamzuia asimlambishe mtoto. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu, na asali ni hatari kwake mpaka atimize mwaka mmoja.

Ulimi wangu umerudi. Mkono wa kushoto haukurudi wote. Kufunga kanga siwezi, mkwe wangu hunifunga. Ndiyo gharama ya ule mfuko wa unga.

Maswali manne

Ndugu msomaji, mashauri hayatapungua. Kesho utasikia jingine. Ukilisikia, usilikimbilie, wala usilikatae upesi. Liulize maswali manne:

1. Shauri hili ni la nani? La mgonjwa, la mjamzito, au la mtoto?
2. Ni kiasi gani? Kupunguza si kuacha, na kuongeza si kujaza.
3. Ni la muda gani? La mwezi mmoja, au la maisha yote?
4. Anayenipa anauza nini? Anayesema dawa moja inatibu kila ugonjwa anataka fedha yako.

Na dawa uliyopewa hospitali usiiache kabla ya kumwuliza aliyekupa. Ukimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, au maneno hayatoki vizuri, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Usingoje kesho.

Jambo la mwisho nawaambia wazee wenzangu. Mkwe wako akinyamaza, usidhani amekubali. Mwulize, "Mwanangu, kliniki wamekuambia nini?" Kisha umsikilize. Mimi sikuuliza.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini mama huyu alidhani wataalamu hawapatani?
2. Chumvi yenye madini joto ina faida gani? Kwa nini tusiizidishe?
3. Nyumbani kwako nani ana shauri lake la chakula? Mnaweza kulifuataje kwa chungu kimoja?
4. Taja shauri moja la chakula ulilosikia mwaka huu. Liulize yale maswali manne.