Kuku Naye Huoga: Beseni la Vumbi Uani Kwetu



Napenda kuwaeleza jambo lililotokea nyumbani kwetu hapa Msimbazi, Kariakoo. Ni habari ya kuku. Wengine mtacheka, lakini nyumba nzima ilikaribia kugombana kwa ajili yao.

Sisi tunakaa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, moja katika chache zilizobaki mtaani baada ya nyingine kuvunjwa na kujengwa maghorofa. Uani kuna jiko, choo, kamba za kuanikia nguo na banda la kuku wa bibi: matetea saba na jogoo mmoja. Mayai yao humsaidia bibi kununua dawa za presha, na mara nyingi ada yangu ya madrasa hutoka humo humo. Zamani ua ulikuwa wa udongo. Siku hizi wote umepigwa saruji, na hapo ndipo tatizo lilipoanza.

Baada ya masika kuku walianza kujikuna usiku kucha. Manyoya yakapukutika, vilemba vikapauka, mayai yakapungua. Kisha utitiri ukatoka bandani ukaingia chumba cha mpangaji mwenye mtoto mchanga, na mtoto akawashwa mwili mzima. Mama yake alikuwa na haki ya kulalamika. Wapangaji wakakaa kikao, wakaamua: tunapewa wiki tatu, utitiri usipokwisha, kuku wakauzwe. Bibi akanyamaza kimya.

Katika siku hizo tulimwona tetea mmoja akilala ubavu juu ya saruji tupu, saa za mchana jua likiwaka. Alichakura, akapiga mbawa, akajisugua, kama anayejitupia mchanga ambao haupo. Mdogo wangu akadhani ana kifafa. Bibi akasema, "Huyo anaoga, wajukuu zangu. Vumbi lake tumelifunika na saruji."

Nilimuuliza bwana mifugo, akanieleza vizuri. Kuku ana tezi ya mafuta karibu na mkia, na mafuta hayo huyapaka manyoya yake kwa mdomo. Yakizeeka hugandisha manyoya, na chawa na utitiri hustawi. Vumbi laini hufyonza mafuta hayo, hukausha miili ya wadudu, na kuku akijikung'uta hudondoka vyote pamoja. Kuku mwenye nafasi huoga hivyo kila baada ya siku mbili hivi, kwa muda wa nusu saa au pungufu, zaidi mchana. Asipopata vumbi hamu haimtoki. Hata kuku wanaofugwa juu ya sakafu ya waya huonekana wakioga hewa, kama tetea wetu.

Mdogo wangu akasema, "Kumbe kuku anatayamamu!" Bibi akamkanya kwamba tayamamu ni ibada yenye nia na masharti yake, asiifanyie mzaha. Akaongeza kuwa aliyeuumba udongo ameuwekea manufaa kwa viumbe wengi.

Basi tukaanza kazi. Tulichukua beseni pana lililopasuka. Tairi bovu la gari lililolazwa nalo lingefaa. Mchanga ulikuwa umerundikwa barabarani mbele ya jengo linalojengwa jirani, lakini bibi alikataa tuchote hata konzi bila idhini, kwa sababu una mwenyewe. Nilimwendea msimamizi nikamwomba, naye akatupa ndoo mbili. Mchanga wa Mto Msimbazi hatukuugusa, maana mto ule hupokea maji machafu ya mji. Mjomba wetu wa Pugu akatuletea kiroba cha udongo mkavu. Jivu la mkaa tulilitoa jikoni, likapoa, tukalichekecha.

Tulichanganya ndoo mbili za mchanga, moja ya udongo na nusu ndoo ya jivu, tukajaza beseni kina cha shubiri moja. Tuliliweka upenuni lisinyeshewe, kwa kuwa jivu likilowa huchoma ngozi, na mbali na kamba za nguo. Jivu la takataka na plastiki halifai, wala chokaa ya kujengea, wala dawa ya unga ya kuulia wadudu wa nyumbani. Mwenye pumu asikae karibu kuku wakioga.

Vumbi peke yake lisingetosha, kwani utitiri mwingine hujificha mchana katika nyufa za banda na kutoka usiku kunyonya damu. Kwa hiyo tulitoa matandiko yote ya zamani, tukamwaga maji ya moto katika nyufa, tukaanika mbao juani, na bwana mifugo akatupa poda yake ya kuku.

Siku ya kwanza hakuingia kuku hata mmoja. Siku ya pili yule tetea wa kwenye saruji aliingia, akajifukia mpaka shingoni, na wenzake wakasimama kama wanaongoja zamu.

Wiki ya tatu ilipotimia, mama wa mtoto alichukua tochi usiku akakagua banda na ukuta wa chumba chake mwenyewe. Asubuhi akamwambia bibi, "Bi mkubwa, waache wakae. Lakini ua ufagiliwe." Bibi akamjibu, "Una haki, mwanangu." Tangu hapo kila asubuhi nafagia kinyesi, maana ni najisi na watu hupita kwenda kutawadha, na kila wiki nalichekecha vumbi. Mayai yamerudi.

Jambo hili si la uani kwetu tu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walieleza kuwa kuku waliopewa sanduku la vumbi walipungukiwa sana na utitiri na chawa. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulianza kukataza vizimba vitupu vya kuku wa mayai. Lakini tusidanganyike: vumbi halizuii mdondo. Huo una chanjo yake ya I-2, tone moja jichoni kila miezi mitatu.

Wanafunzi wenzangu, sote tumesomeshwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Anayemfungia kiumbe amebeba dhamana ya haja zake, na jirani naye ana haki yake. Nyumba yenye ua mdogo inaweza kutimiza yote mawili, ikiwa wenyewe hawataona uvivu kushika ufagio.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma na ujirani mwema. Amin.