Kompyuta Kuukuu na Mali ya Yatima

Ndugu zangu, nataka kukusimulieni jambo lililotokea nyumbani kwangu mwaka 2025. Si jambo la kujisifia. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesomesha mlango wa hajri, yaani hukumu za watu waliozuiliwa kutumia mali zao wenyewe: mtoto, mwendawazimu na safihi. Nimeusomesha Tanga, kisha huku Kiriba, hata nikawa naweza kuusoma gizani. Lakini siku zote nilikuwa nikiwasomea watu wengine.

Kiriba, kwa msomaji wa Mombasa au Unguja ambaye jina hili litamkumbusha kiriba cha maji tu, ni kata ya Wilaya ya Musoma, mkoani Mara, kando ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wajita. Sisi Waislamu tu wachache. Majirani zetu wengi ni Wakristo, na twaishi nao kwa wema. Watu hulima muhogo na huvua dagaa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hulala ufukoni, kwani dagaa hawaifuati taa.

Mwanangu alikuwa karani mjini Musoma, na huku kijijini aliweka mtumbwi wa dagaa. Alifariki mwaka 2021, Mungu amrehemu. Aliacha mke, baba, mama, na mtoto mmoja wa kiume. Waliosoma mirathi wameshapiga hesabu: mke thumuni, baba sudusi, mama sudusi, na mtoto achukua kilichobaki. Katika mafungu 24, yake ni 13. Mtumbwi na mashine yake vilipouzwa na madeni yakalipwa, zilibaki shilingi 2,400,000, na fungu la mtoto likawa 1,300,000. Ikabaki kompyuta. Hiyo tulikubaliana sisi warithi wakubwa tumwachie mtoto, nami nilikuwa wa kwanza kusema nimesamehe langu. Na kwa kuwa baba hayupo, kwa madhehebu yetu walii wa mali ya mtoto ni babu mzaa baba, basi fedha zikakaa kwangu, na kompyuta ikakaa chumbani kwangu.

Siku moja ya likizo ya mwezi wa sita, mtoto akiwa na umri wa miaka 13 na hajabaleghe, alinijia baada ya Alasiri.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, naomba kidogo katika fedha zangu, niitengeneze kompyuta ya baba."

"Ina ubaya gani? Mimi naitumia kila siku."

"Haibebi gemu, Babu."

Nikamwuliza gemu gani, akanitajia Counter-Strike 2, mchezo ambao watu walio mbalimbali duniani hukutana kwa intaneti, watano upande huu na watano upande ule, wakapigana kwa bunduki za picha. Sikumwacha amalize. Nilimwambia hilo ni pumbao, na bunduki si mchezo, na mali ya yatima ni moto tumboni mwa mwenye kuichezea. Yeye akainama, akasema, "Sawa, Babu," akaondoka. Usiku ule bibi yake aliniambia neno moja: "Mwalimu, umemjibu kama aliyekuomba fedha zako."

Sikulala vizuri. Baada ya Alfajiri nilifungua Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu nilichokisoma kijana na kukisomesha mzee, nikaenda pale pale kwenye mlango wangu. Na suala lenyewe limo. Mtoto hujaribiwa kabla hajabaleghe, ili ijulikane kama ana rushdi ya kukabidhiwa mali yake. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kununua na kuuza, mtoto wa mkulima kwa kilimo na kuwalipa wafanyakazi, tena si mara moja. Na kwa kuwa mkataba wa mtoto hausihi, huachwa apatane bei yeye, na ikifika kukata bei walii ndiye atamkaye. Nikajiuliza: huyu wangu si mfanyabiashara wala mkulima, nitamjaribu kwa kitu gani? Nikaona ajaribiwe kwa kile anachokijua. Na kuhusu mchezo wenyewe, nilikumbuka kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini, na alishindana mbio na Bibi Aisha. Basi pumbao lote si la kufukuzwa kwa fimbo moja kabla halijatazamwa.

Nilimwita nikamwambia anieleze kila kitu kama ananisomesha. Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex 7010, aina iliyotoka mwaka 2012, kasha kubwa la kusimama, iliyofika kwetu ikiwa imekwisha tumika kwa wenyewe. Prosesa yake ni Intel Core i5 yenye viini vinne, na kwa kazi ya kuandika haina ila. Lakini mchezo wataka ramu ya gigabaiti 8, nayo ilikuwa na 4. Wataka kadi ya picha yenye kumbukumbu yake yenyewe, nayo haikuwa na kadi, picha zikichorwa na prosesa ile ile iliyobebeshwa kazi zote. Tena wataka nafasi ya gigabaiti 85 katika diski. Nikamwuliza ramu ni nini. Akafikiri kidogo, akasema, "Babu, diski ni kabati la vitabu, ramu ni meza. Kitabu unachokisoma sharti kiwe mezani. Meza ikiwa ndogo, utashinda unainuka kwenda kabatini." Jibu hilo nimeliiba, nalitumia darasani.

Tukapanda gari kwenda Musoma, kompyuta nimeipakata. Njiani ndipo aliponiambia lile ambalo lau ningelimsikiliza siku ya kwanza ningelijua. Mchezo ule alikuwa akiucheza baba yake. Walipokuwa mjini, usiku baada ya kazi, mwanangu alikuwa akimpakata mtoto huyu na kucheza, na mtoto akimwonyesha adui alikojificha. Baba alipokwisha fariki mtoto aliendelea kuucheza peke yake kila alipokwenda kwa mama yake mjini na kompyuta ikachukuliwa naye. Mwezi wa tisa mwaka 2023 wenye mchezo wakautoa ule wa zamani na kuweka huu mpya mahali pake, na kompyuta ya baba haikuuweza tena. "Ndiyo maana naomba, Babu," akasema, na akageuka kutazama dirishani. Mimi nami nikatazama upande wangu.

Kwa fundi, mtihani ulianza. Fundi alitoa kadi kubwa yenye feni mbili, akasema hii ndiyo kadi. Mtoto akaigeuza akaitazama ubavuni. "Hii ina tundu la waya wa umeme. Pawa saplai yetu ni wati 275, na waya huo haina." Fundi akajibu kwamba pawa saplai mpya ipo. "Basi bei ya kadi si hiyo uliyoitaja. Ni hiyo pamoja na ya pawa saplai." Fundi akanitazama mimi, nami nikatazama juu. Mwishowe mtoto akachagua GeForce GTX 1050 Ti, kadi ya mwaka 2016 yenye kula wati 75 tu, na inazipata katika madabodi yenyewe bila waya wa ziada. Fundi alianza 280,000, mtoto akaanza 180,000, wakakutana 230,000. Ramu ya gigabaiti 4 ya kuongeza ile ya kwanza, 25,000. Diski ya SSD, 70,000. Ufundi, 20,000, na ndani yake fundi atunakilie mchezo kutoka kwenye diski yake, kwani mchezo hutolewa bure na mwenyewe, na kuuvuta gigabaiti zote hizo kwa bando la simu kule Kiriba kungekula fedha nyingine. Jumla 345,000.

Fundi, kwa uaminifu wake, alituonya kwamba Windows 10 itaacha kuhudumiwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025. Mtoto akasema, "Najua, na Windows 11 haiikubali prosesa hii. Babu, tunanunua miaka miwili mitatu, hatununui milele." Nikatamka mimi kwamba nimenunua, fundi akatamka kwamba ameuza.

Ndugu zangu, hadi hapo nilikuwa hakimu. Fundi akataka kuifuta diski ya zamani. Mtoto akamzuia: "Usiifute. Ichomeke iwe ya pili." Fundi akaifungua atazame kilichomo, na kilichomo kikajaza kioo: hotuba zangu za Ijumaa, masomo yangu ya fikihi, mitihani ya madrasa, barua zangu. Picha za baba yake zilikuwa kikoba kimoja chini kabisa. Fundi akauliza kwa wema tu, "Kumbe kompyuta ni ya Sheikh?" Mtoto hakusema kitu.

Mnaijua Sura ya Annisaa. Walii tajiri ameamrishwa ajizuie na mali ya yatima, na fakiri ameruhusiwa ale kwa kadiri inayojuzu. Mimi si tajiri, lakini fedha ya steshenari nilikuwa nayo. Miaka minne nimeitumia mali ya mtoto, siku nyingi kuliko yeye, bila ya kuuliza wala kuandika, na nilipoombwa fedha yake nikatoa hotuba juu ya mali ya yatima ambayo, bila shaka, niliiandika kwa kompyuta hiyo hiyo. Mtu aweza kuwa mkali kwa mali ya mtoto akadhani anailinda, kumbe anamlinda mtoto nayo na yeye mwenyewe amekaa juu yake.

Tuliporudi nyumbani nilihesabu kurasa, zikawa 412. Nikamwita mtoto nikamwambia nina deni la ujira wa mithili, yaani kodi ya kitu kama hicho kwa bei ya watu, na kwa kuwa babu amepewa ruhusa ya kusimama pande zote mbili za mkataba na mjukuu wake, ningeweza kujikatia bei mwenyewe, lakini nataka apatane nami. Bibi yake akaja kukaa mlangoni, asikose. Mtoto akasema steshenari ya mjini huchapa ukurasa kwa shilingi 1,000. Nikasema, ndiyo, lakini huko achapaye ni wao, na hapa nimechapa mimi kwa vidole vyangu. Na umeme wa LUKU nimelipa mimi. Akasema, "Na kompyuta ingekodishwa kwa mtu mwingine ingeingiza." Nikasema 100,000. Akasema 200,000. Nilipata tabu kweli kweli, na bibi yake hakunisaidia hata kidogo. Tukakata 150,000, nikazitoa katika fedha zangu za mavuno ya muhogo. Basi katika mali yake zilitoka 195,000 tu, zikabaki 1,105,000. Yote nimeyaandika katika daftari, na yeye ametia jina lake chini.

Usiku wa kwanza baada ya Isha aliniwekea kiti ubavuni mwake. Niliona mtaa wenye matao na kuta za rangi ya udongo, kama miji ya Maghribi, unaoitwa Dust II. Mtaa ule una milango mizuri, na hauna mtu anayekaa humo, hamna mtoto wala mwadhini, ila watu kumi wanaowindana. Nilimwambia hayo. Akasema, "Kweli, Babu," akaendelea kucheza. Habari zilikuwa zikienda na kurudi kupitia nyaya za chini ya bahari hata Afrika Kusini kabla mtu hajamaliza kutamka neno moja, na bado alilalamika kwamba zinachelewa.

Kisha nikaona masanduku. Hapa nilisimama imara, na hapa nawaomba wazazi watazame vizuri kuliko wanavyotazama bunduki. Sanduku hufunguliwa kwa ufunguo wa dola 2.49 za Marekani, na hujui kilichomo mpaka umekwisha lipa. Mara nyingi hutoka rangi ya kupakia bunduki isiyofikia thamani ya ufunguo, na kwa nadra hutoka kitu cha bei kubwa ambacho watu huuziana. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku kama hayo, yakiwamo ya mchezo huu ulivyokuwa wakati ule, ni kamari kwa sheria yao. Kwetu sisi hukumu ya maisiri haikungoja mwaka 2018. Nilimwuliza kama amewahi kufungua. Akanyamaza muda, kisha akasema mara moja, mjini, kwa fedha aliyopewa na mjomba ya sikukuu, na kilichotoka hakikuwa na maana. Hakulazimishwa kusema. Nilimwambia atubu kwa Mola wake, na tukaandika sharti katika daftari: hakuna ufunguo, hakuna maikrofoni maana huko hutukanwa wazazi, na hakuna mchezo kabla ya swala na dura ya usiku. Saa moja kwa siku. Mara mbili ameipita, na mara mbili kompyuta imelala chumbani kwangu siku tatu, bila mimi kuigusa.

Imamu Nawawi anataka mtihani urudiwe. Mtoto amekwisha niambia anataka kuweka fedha kidogo katika dagaa wakavu, anunue mbalamwezi ikiisha, mitumbwi inaporudi ziwani na bei ikashuka. Namsikiliza.

Makala hii nimeiandika kwa kompyuta yake. Ni kurasa nne, kwa 400 kila ukurasa, bei aliyoipanga yeye. Nimeandika katika daftari shilingi 1,600.