Kutunza Maji Yaliyotuama

Maji yaendayo husaidiwa na mwendo wake, lakini maji yaliyotuama hungoja msaada wa mtu. Mto hupita juu ya mawe na mchanga, hupata hewa, na huacha sehemu ya taka zake njiani. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Kidimbwi cha kuogelea hakina mkondo wala hakijui kujaa na kupwa. Kila kinachoangukia ndani yake hubaki humo: jani la mwembe, vumbi la njia, mafuta ya nywele, jasho la waogaji na mayai ya mbu. Kwa hiyo mwenye kidimbwi nyumbani ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuyapa maji mwendo ambao maumbile hayakuyapa. Ya pili ni kuua vile vijidudu ambavyo mwendo peke yake hauwezi kuviondoa. Kazi hizi nimezifanya kwa mikono yangu kwa miaka kadhaa, na katika kurasa hizi nataka kueleza namna zinavyofanywa, na kwa nini naamini kwamba mwenye kuzipuuza huwadhulumu jirani zake.

Mjomba wangu alipostaafu alinunua nyumba kuukuu kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, nami nikahamia kwake kwa sababu shule ninayofundisha haiko mbali na hapo. Uani palikuwa na kidimbwi chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4, na kina cha wastani cha mita 1.5. Nyumba ilikuwa imekaa miezi mingi bila mtu. Maji yalikuwa ya kijani kibichi, vyura walikuwa wamefanya maskani humo, na viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikipanda na kushuka kama chembe za vumbi katika mwale wa jua. Msomaji akizidisha vipimo nilivyovitaja atapata mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Mtaani kwetu maji huuzwa kwa mkokoteni, katika mitungi ya lita 20. Kidimbwi kile, basi, kilikuwa kimeshika mitungi 2,400.

Mjomba alisimama ukingoni akayatazama maji yale kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mpwa wangu, maji haya ni mengi kuliko haki yetu. Ama tuyatunze, ama tukifukie kidimbwi hiki tupande migomba."

Nilimjibu, "Mjomba, tukiyatunza yatamfaa nani?"

Akasema, "Watoto wa mtaa huu wamezungukwa na bahari, na wengi wao hawajui kuogelea. Tukiyatunza, waje wajifunze. Tukishindwa, tupande migomba."

Maneno yale yalikuwa na uzito kwa kila mtu aujuaye mji wetu. Mombasa hupata sehemu ya maji yake kutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, kwa bomba refu lililojengwa katika miaka ya 1950. Lakini maji yafikayo kwa mabomba hayawatoshi watu wote, na wengi hununua mtungi kwa mtungi. Tena, mji huu haujasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka katika kivuko cha Mtongwe, karibu na ufuo, na watu 272 wakafa. Kujua kuogelea si kinga ya kila ajali, lakini asiyejua hana hata mlango wa kujaribu. Tukakubaliana kwamba maji yale yangebaki kwa masharti mawili: watoto wafundishwe kila Jumamosi chini ya macho ya watu wazima, na maji yasimwagwe ovyo na kujazwa upya.

Sharti la pili ndilo lililonifanya niwe mwanafunzi. Kumwaga maji machafu na kuita malori ya maji ni njia nyepesi kwa mwenye fedha, lakini ni njia ya ubadhirifu. Aidha, ina hatari yake: mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, kidimbwi kikiachwa kitupu huweza kuinuliwa kutoka chini na kupasuka. Hapana budi maji yaliyomo yatibiwe humo humo.

Tulianza kwa wavu wenye mpini mrefu, tukatoa majani, matawi na vyura. Vyura tuliwapeleka mtaroni, nao walikwenda kwa manung'uniko. Kisha tukasugua kuta na sakafu kwa brashi, kwa maana mwani wa kijani hujishikiza ukutani na kufanya utelezi, na dawa haimpati adui aliyejificha nyuma ya ngao. Baada ya hapo tukatia klorini nyingi wakati wa magharibi, tukaiacha pampu ifanye kazi usiku kucha. Siku ya tatu maji yaligeuka kutoka kijani kuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Mwani ulikuwa umekufa, lakini maiti zake zilikuwa zingali zikielea, ndogo mno hata chujio lilishindwa kuzishika. Hapo tulitumia shabu, ile ile iliyojulikana na wazee wetu. Shabu huzikusanya chembe ndogo zikashikana, zikawa nzito, zikazama. Tulisimamisha pampu usiku mmoja, na asubuhi mashapo yalikuwa yametandama chini kama majivu. Tukayafyonza polepole kwa bomba. Baada ya siku nane niliiona sarafu ya shilingi moja katika sakafu ya upande wenye kina kirefu.

Kuyasafisha maji mara moja ni kazi ya juma moja. Kuyaweka katika usafi ni kazi ya kila siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, mimi huopoa majani na kutazama kina cha maji. Kila siku pampu huzunguka saa kadhaa, ikiyavuta maji na kuyapitisha katika pipa la mchanga ambao hushika taka. Taka zikizidi, mchanga huziba, na mshale wa kipimo cha mgandamizo hupanda. Hapo maji hupitishwa kinyume ili kuuosha mchanga. Maji ya uoshaji huo hatuyamwagi njiani. Huyakusanya katika pipa tukayatumia kusafishia choo. Mara moja kwa juma husugua kuta, hata zikiwa safi machoni, kwa kuwa utelezi hutangulia rangi.

Sehemu ya kazi hii inayohitaji elimu ni ile ya dawa, na hapa vijana wanaouliza faida ya somo la kemia watapata jibu lao. Klorini ndiyo iuayo vijidudu, na maji ya kuogelea yafaa yawe na miligramu 1 hadi 3 katika kila lita. Lakini nguvu yake hutegemea uchachu wa maji, ambao hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Kipimo hicho kikiwa 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini huwa katika hali iliyo kali kwa vijidudu. Kikipanda hadi 8, hubaki kama robo tu au pungufu. Mtu asiyepima anaweza kuongeza dawa kila siku na asipate faida, kama mpiganaji aliye na mishale mingi na upinde uliolegea. Kwa hiyo mimi huchota maji katika kichupa, hutia matone ya dawa ya kupimia, na kulinganisha rangi na kielelezo chake, ili pH isitoke kati ya 7.2 na 7.8.

Hesabu nayo ina nafasi yake. Ili kuongeza klorini kwa miligramu 1 katika kila lita ya maji yetu 48,000, yahitajika gramu 48 za klorini. Unga tunaoununua una nguvu ya asilimia 65, basi sharti nipime gramu 74 hivi. Unga huo hutiwa jioni, kwa sababu jua letu la pwani huila klorini upesi sana. Aitiaye adhuhuri hulisha jua na kuwaacha vijidudu na njaa ya kesho.

Dawa hizi si za mchezo. Unga wa klorini na asidi haviwekwi katika kabati moja, wala havichanganywi kamwe, kwa maana vikikutana hutoa gesi yenye sumu iwezayo kuua. Unga hutiwa katika ndoo ya maji. Maji hayamwagwi juu ya unga. Avaaye glavu na miwani ya kukinga macho si mwoga. Chombo cha dawa hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa kwa mtu mzima.

Yapo makosa ya fikra ambayo nimeyasikia mara nyingi, nayo yafaa kusahihishwa. Watu wengi wakinusa harufu kali kidimbwini na macho yao yakawawasha, husema kwamba dawa imezidi. Aghalabu mambo ni kinyume. Harufu ile hutokea klorini inapoungana na jasho na mkojo. Ni dalili ya uchafu wa waogaji. Ndiyo sababu kila mtoto ajaye Jumamosi huoga kwanza kwa maji ya ndoo na sabuni, nasi humwuliza kwa upole kama amekwenda choo. Tena, maji angavu si lazima yawe maji salama. Viko vimelea vya kuhara viwezavyo kuishi siku kadhaa katika maji yaliyotiwa klorini vizuri. Kwa hiyo mtoto aliyeharisha hubaki nyumbani mpaka apone kabisa, hata akilia.

Usafi wote huo haufai kitu kama kidimbwi hakina ulinzi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto mdogo huzama kimya. Hapigi kelele wala hapungi mkono kama watu wanavyodhania. Kabla ya kumfundisha mtoto wa kwanza tulizungusha ua wenye lango lijifungalo lenyewe, na komeo lake likawekwa juu, mkono wa mtoto usipofika. Usiku maji hufunikwa kwa turubai lililokazwa vizuri. Turubai hilo huokoa maji pia: ikiwa uso wa kidimbwi chetu unashuka milimita 5 kwa siku, tumepoteza lita 160, ambazo ni mitungi minane. Mtaani kwetu kuna nyumba ambazo hazipati minane kwa siku.

Siku moja mama mmoja, jirani yetu, alikuja kumchukua mwanawe baada ya somo. Mtoto alikuwa ameogelea upana wote wa kidimbwi kwa mara ya kwanza, naye alimsimulia mama yake kwa pumzi moja. Mama aliyatazama maji akasema, "Mwalimu, maji haya yote!" Sikuweza kujua kama alikuwa akisifu au akilaumu, na nadhani alifanya yote mawili kwa haki. Nilimweleza kwamba sehemu kubwa ya maji yale ilikuwa humo tangu tulipoikuta nyumba, na kwamba hatukuwa tumeagiza hata lori moja. Akatikisa kichwa, akacheka, akasema, "Basi yatunzeni." Tangu siku hiyo sijaona kazi ya brashi kuwa nzito.

Vijana, wachache wenu mtakuwa na vidimbwi vya kuogelea, lakini hakuna hata mmoja wenu atakayeishi bila maji yaliyotuama. Nyumbani kuna tangi la maji ya mvua, shuleni kuna birika, na jikoni kuna mtungi. Yote hayo yana sheria moja: kifuniko kikazwe, chombo kisuguliwe, taka iondolewe ikiwa ndogo, na kipimo kiaminiwe kuliko jicho. Msingoje mwajiriwa wala msione haya kushika brashi. Maji yaliyo mikononi mwa mtu mmoja yamekosekana mikononi mwa mwingine. Ayatunzaye hulipa sehemu ya deni hilo, na ayaachaye yaharibike hulikana.