Baba hawezi kusema, mashine haiwaki

Katika nyumba nyingi za wavuvi, mashine ya boti huwa na mtu wake mmoja. Ndiye anayejua ivutwe vipi asubuhi, choki irudishwe lini na nati ipi haitaki kukazwa sana. Wengine hupanda boti tu. Mtu huyo akianguka, ujuzi wote unalala naye kitandani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani. Majina hayatajwi kwa kuwa mambo yenyewe ni ya nyumbani. Baba alipata kiharusi. Presha alikuwa nayo miaka mingi, lakini dawa alikuwa akimeza siku anazojisikia vibaya tu, kama wanavyofanya wengi. Alinusurika, ila mkono na mguu wa kulia vikawa vizito, na maneno hayakuja tena. Mashine yake ya zamani, Yamaha ya farasi 15, ya aina inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, ikakaa stoo miezi saba.

Jirani akataka kuinunua. Mama alipiga hesabu: hela ile ingelipa nauli za kliniki Tanga mjini kwa muda mzuri. Baada ya hapo, boti ingebaki mchangani na kula kungekuwa kwa kukopa. Kijana wao wa miaka 17, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, akaomba wiki mbili. "Mama, usiuze kwanza. Niachie niiangalie."

Hakuwahi kufungua hata kifuniko chake.

Alianza kama wanavyoanza wageni wa kazi, kwa kile kinachoonekana kigumu. Alitazama video kwenye simu, akashika spana, akataka kufungua kabureta. Baba, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akagonga fimbo chini. "Hapana! Hapana!" Kijana akadhani anafukuzwa. Akaweka spana, akaondoka na machozi.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana ndipo familia nyingi zenye mgonjwa wa kiharusi hukwama. Kiharusi kikigusa sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha, mtu anaweza kupoteza maneno huku akili yake ikiwa timamu. Anajua anachotaka kusema, neno ndilo halitoki, au linatoka jingine. Wapo wanaosema "hapana" wakimaanisha "ndiyo". Na wapo wasioweza kutaja jina la mtoto wao, lakini salamu, sala na hata matusi vinatoka vizuri, kwa sababu maneno ya mazoea hupita njia tofauti kichwani. Kumpigia kelele hakusaidii, kwani masikio hayana shida. Kinachosaidia ni swali moja kwa wakati mmoja, fupi, lenye jibu la ndiyo au hapana, kisha kusubiri. Kusubiri ndiko kunakotushinda wengi.

Mama alikuwa ameelekezwa hayo hospitalini. Jioni akamrudisha kijana kwa baba yake wakakubaliana: dole gumba juu ni ndiyo, kiganja wazi ni hapana, na fimbo ni ya kuonyeshea. "Muulize moja moja," alimwambia. "Usimrundikie."

"Baba, nianze na kabureta?" Kiganja. "Nianze na mafuta?" Dole gumba.

Petroli ya miezi saba ilikuwa imebadilika rangi na kunuka kama vanishi. Ikamwagwa kwenye dumu la pembeni, tangi likasafishwa. Wakanunua lita tano mpya na kuchanganya na mililita 100 za oili, yaani sehemu 50 kwa moja. Mashine nyingine zina kipimo tofauti, hivyo maandishi yake yasomwe kwanza. Kijana alitaka kunyonya mafuta kwa mdomo kupitia mpira, kama alivyoona watu wakifanya. Mama alimzuia, na alikuwa sahihi kabisa. Petroli ikiteleza kuingia kwenye mapafu inaweza kuua. Ndiyo maana mtoto aliyekunywa petroli au mafuta ya taa hatapishwi, anakimbizwa hospitali. Na ndiyo maana petroli haiwekwi kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika tano.

Kijana akaminya kile kipira cha kwenye mpira wa mafuta. Kinatakiwa kiwe kigumu. Kilibaki laini kama puto lililochoka. Baba akaelekeza fimbo juu ya tangi: kiskurubu cha kupitisha hewa kilikuwa kimefungwa. Kikafunguliwa, bado. Fimbo ikahamia kwenye kiungo cha mpira. Ndani, kipete kidogo cha mpira kilikuwa kimepasuka, kwa hiyo ikivutwa hewa badala ya mafuta. Kipya kilipatikana kwa bei ndogo kuliko soda mbili. Kipira kikakaza.

Wakavuta kamba. Kimya.

Plagi ilipofunguliwa ilikuwa imelowa, maana yake mafuta yanafika. Wakachomoa mpira wa mafuta, tangi likapelekwa mbali, wakasubiri upepo upitishe harufu. Kisha plagi ikarudishwa kwenye waya wake, ikashikwa kwa koleo lenye mpini wa mpira na kugusishwa kwenye chuma cha mashine, kamba ikavutwa. Hakuna cheche. Kijana akaanza kuulizia bei ya koili, na bei ikamtisha. Baba aligonga fimbo kwenye swichi ya kuzimia, mara tatu, mara nne. Hakuna aliyeelewa hadi siku iliyofuata, mama alipokumbuka kitu chekundu alichokitundika kwenye msumari jikoni ili watoto wadogo wasichezee. Kilikuwa klipu ya usalama, ile inayofungwa mkononi kwa kamba ili nahodha akianguka majini mashine izime. Bila klipu, cheche hazitoki.

Klipu ikarudi, cheche zikaonekana, za bluu.

Wakati wa kurudisha plagi, kijana aliikaza kwa spana moja kwa moja, bila kuianza kwa vidole. Kichwa cha mashine ni cha aluminiamu, nyuzi zake huharibika upesi. Hapo baba akatoa tusi moja safi, lisiloandikika gazetini, bila kukwama hata herufi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mashine ikawashwa nje uani ikiwa ndani ya pipa la maji, propela ikiwa imetolewa. Kuiwasha pakavu huunguza pampu ya maji, na kuiwasha ndani ya stoo kunajaza hewa yenye sumu isiyo na harufu, ambayo humlaza mtu bila yeye kujua. Ilitoa moshi mwingi, ikaunguruma, ikazimwa haraka kwa sababu maji hayakutoka kwenye kitundu cha pembeni. Waya mwembamba ukatoa uchafu na chumvi iliyoganda. Mara ya pili maji yakaruka.

Bado haijatulia. Ikipunguzwa mwendo inazima, na sasa kweli ni zamu ya kabureta. Baba ameshatoa dole gumba. Mama ameweka sharti lake: hakuna kuvuka mlango wa mto mpaka mvuvi mzoefu apande na kijana, wote wawili na maboya mwilini, klipu mkononi.

Jirani amepita tena kuulizia bei. Mama amemwambia arudi mwisho wa mwezi. Vidonge vya presha sasa viko kwenye msumari ule ule wa jikoni, ndani ya mfuko, na kijana ndiye anayempa baba kila asubuhi kabla hawajatoka uani.