Kitambaa Ndani ya Mshipa

Kwetu ni Rumonge, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kusini ya Bujumbura. Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi wa dagaa tangu ujana wake, naye ni mtu wa nguvu na maneno machache. Nataka kuwaeleza habari ya ugonjwa wake, kwa maana katika habari hiyo mimi mwenyewe nilikosa, na huenda kosa langu likamfaa mwingine.

Mshipa mkuu wa damu, ambao waganga huuita aota, hutoka moyoni, hushuka tumboni karibu na uti wa mgongo, kisha hugawanyika kwenda miguuni. Mshipa wa baba mdogo ulikuwa umevimba tumboni kama mpira wa baiskeli uliochoka, na mshipa kama huo ukipasuka, ni wachache wanaopona. Mwanawe anayekaa Ubelgiji akamwita huko, akapasuliwa, na mahali pa ule uvimbe pakashonwa bomba la kitambaa. Msistaajabu. Katika miaka ya 1950 daktari Michael DeBakey wa Houston, Marekani, alikwenda dukani kununua nailoni, akaambiwa imekwisha, akauziwa kitambaa cha Dacron, akashona mabomba yake kwa cherehani ya mkewe. Tangu hapo watu wengi wameokolewa kwa kitambaa cha namna hiyo. Baba mdogo naye akarudi Rumonge mzima.

Mwaka wa pili homa ikaanza. Haikuwa kali, ilikuja jioni, ikaondoka alfajiri, ikamwacha amelowa jasho. Nyumbani mimi ndiye niliyesoma, basi wote wakanitazama. Nikasema, "Ni malaria." Nikanunua vidonge dukani, akapata nafuu siku mbili, homa ikarudi, nikanunua tena. Nilimtibu hivyo muda wa wiki sita, naye akazidi kukonda. Hata siku za mbalamwezi zilipofika, wavuvi wasipokwenda ziwani, ndipo nikampeleka kwa waganga.

Bibi muuguzi akampima damu, asione malaria. Alipomfunua tumbo akaona kovu refu. Akauliza, "Hili ni la nini?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona hukuniambia tangu mlangoni?" Sikuwa na jibu.

Mwanawe akamrudisha Ubelgiji upesi, na picha zikaonyesha usaha umekizunguka kile kitambaa. Ndipo nilipofahamu jambo ambalo sikufundishwa darasani. Nyama ya mwili ina damu yake. Wadudu wa ugonjwa wakiingia, damu huleta askari wa kupigana nao, na dawa hupita njia hiyo hiyo. Kitambaa hakina damu yake. Wadudu wakikamata nyuzi zake hujifunika utando, wakakaa humo kama adui ndani ya boma, na dawa huwaua walio nje tu. Huweza kuingia siku ile ya kupasuliwa, au miaka mingi baadaye kwa njia ya damu. Pengine kitambaa husugua utumbo hata ukatoboka. Hapo mgonjwa hutapika damu au hupata choo cheusi, na hiyo ni hatari isiyongoja kesho.

Waganga wakasema kitambaa hakina budi kutolewa. Huku nyumbani wazee wakakasirika: "Mtu amedhoofika hivi, mwataka kumpasua tena? Apewe dawa, apumzike." Nami, kwa kuwa nilikwisha kosa mara moja, niliogopa kusema neno. Nikampigia simu mgonjwa mwenyewe. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Mwanangu, umeniona nikitengeneza mitumbwi. Ubao ukivuja, natia kalafati. Ubao ukioza, je?" Nikasema, "Unautoa." Akasema, "Basi waambie wazee kwamba huu umeoza."

Walakini huwezi kung'oa ubao ukaacha tundu. Damu lazima ifike miguuni. Njia moja ni kukitoa kitambaa, kukishona kisiki cha mshipa, na kuipitisha damu katika bomba jipya chini ya ngozi, kutoka kwapani hadi mapajani, mbali na usaha. Bomba la njia hiyo lilitangazwa na Blaisdell wa San Francisco mwaka 1963. Ila kile kisiki huweza kupasuka baadaye. Njia ya pili ni kushona mshipa uliotolewa kwa maiti. Ya tatu ni kushona kitambaa kipya kilicholowekwa katika rifampisini, ile dawa nyekundu ya kifua kikuu. Ya nne ni kuchukua mishipa mikubwa ya mapaja ya mgonjwa mwenyewe na kuufanya mshipa mkuu mpya. Clagett wa Dallas aliandika habari zake mwaka 1993, na Nevelsteen wa Leuven, huko huko Ubelgiji, mwaka 1995. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na miguu huweza kuvimba baadaye. Lakini mshipa ulio hai hushindana na wadudu kuliko kitambaa. Hakuna njia isiyo na hatari, na wako wanaokufa katika kila mojawapo.

Kwa baba mdogo walichagua njia ya nne. Aliingia asubuhi, akatoka usiku. Sisi tulikaa ufukoni na simu, hata taa za wavuvi zikawaka ziwani, ndipo ndugu yangu alipopiga kusema kwamba yu hai.

Sasa amerudi. Mguu wake wa kushoto huvimba jioni, na ziwani haendi tena. Huketi ufukoni akitengeneza nyavu za wengine. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi ndugu zangu, hasa ninyi mnaosoma sasa na ambao kesho mtatazamwa na nyumba nzima: kusoma si kuwa mganga. Mkiwa na mzee aliyeshonewa kitambaa mwilini, naye akapata homa isiyokwisha, msikimbilie dukani. Mpelekeni hospitali, na neno lenu la kwanza mlangoni liwe lile kovu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha kwa kusudi. Lakini kovu nililijua, nikanyamaza.